Ng'ombe wa Mama Ndani ya Amplifaya

Jumanne, Julai. Ukungu umeikalia Karatu mpaka saa tano, baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Nina hasira tangu asubuhi na chai haijasaidia.

Nianze na neno lililonichafua roho: joto.

Bwana Deo, mtaalamu wa sauti kutoka Arusha, alikaa leo mbele ya amplifaya mbili kwenye kituo chetu cha utamaduni, akafumba macho, akatangaza kwamba moja ina "sauti ya joto". Joto ni la uji! Kisha akaongeza "asali". Akaongeza "hariri". Nikajua tumeingia kwenye lugha ya wale wanaowaonjesha watalii kahawa kule loji, ambako kila kikombe kina ladha ya tunda ambalo mkulima wa kahawa hiyo hajawahi kuliona.

Sina ugomvi na mashine za thamani. Nimeandika kwenye blogu hii mara nyingi kwamba mashine nzuri ni heshima kwa aliyerekodiwa. Ugomvi wangu ni na masikio yanayosifu kinachopendeza kabla ya kuuliza kama ni kweli.

Kituo kina kaseti za wazee wetu Wairaqw, zilizorekodiwa zamani na sasa zimehamishiwa kwenye kompyuta. Wajukuu wao, wanaozungumza Kiswahili na Kiingereza cha wageni, huja kuzisikiliza. Duka moja limetuazima amplifaya mbili tuchague moja ya kubaki. Ya kwanza ni ya taa, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, na watu huipenda hata kabla haijatoa mlio. Ya pili ni ya transista, boksi jeusi lisilo na uso.

Kaseti mojawapo ni ya marehemu mama yangu. Dakika kumi na mbili. Anasimulia ukame wa utotoni mwake na ng'ombe mmoja waliyebaki naye wa kukamua. Hakuna video yake wala ujumbe wa simu.

Ni hizo dakika tu.

Sasa, ng'ombe kwa Kiiraqw ni slee. Mgeni huziona hizo herufi mbili za mwanzo akazisoma moja moja. Hapana. Ncha ya ulimi inapanda juu, pumzi inapenya pembeni, karibu na shavu, kama maji yanayovuja kwenye bomba. Ni sauti nyembamba na ina ukali wake. Ukiinyoa inabaki "s" tupu, na sikio la Mwiraqw linaanza kuelekea kwenye neno jingine kabisa, lile la mbwa.

Deo hajui Kiiraqw, na hilo si kosa. Kosa ni kuhukumu asichokijua. Tulipomweka mama kwenye boksi jeusi, alikunja uso. "Hii inakwaruza sauti za juu," akasema, kidole hewani. "Sikia hapo. Na hapo tena. Na hapo."

Kila alipoinua kidole, mama alikuwa anasema ng'ombe.

Nililipuka. Nilimwambia anahesabu ng'ombe wa mama yangu kama kasoro za kiwandani, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Deo hakupandisha sauti. Alitoa simu yake.

"Mzee wangu, tusigombane. Haya ni maneno ya nani?" Akasoma: "Inalainisha kila ukali wa sauti ya mwanamke bila kumnyang'anya uhai."

Yalikuwa yangu. Ya blogu hii, kuhusu amplifaya ya taa ya aina ileile, niliyoisikiliza nyumbani kwa rafiki nikiwa nimeegemea kochi, wanawake wa mbali wakiimba kwa lugha nisizozijua hata salamu.

"Kamati ya kituo ilishaandika barua kwa duka ya kuichukua hiyo ya taa, bado kuituma tu," akasema Mwalimu Safari, mwenyekiti wetu. "Na si kwa ajili ya Deo. Tulikuamini wewe."

Mimi ni mtu wa majibu. Wasomaji wangu mnanijua. Leo niliiomba ile simu, nikausoma mstari wangu tena.

Kilichoniokoa ni mnada. Siku za mnada mama mdogo, yaani mdogo wake mama, hupanda kutoka Baray na vitunguu vyake, na harudi bila kupita kituoni kumsikiliza dada yake. Alipoingia nilimwamkia, nikamkalisha, nikazifunika amplifaya zote mbili kwa shuka asijue ipi inaongea. Nikasawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo cha kwenye simu, kwa kuwa inayopiga juu kidogo hupendwa siku zote. Na Kiswahili chetu kinatuponza hapo: sauti ni ya mtu na sauti ni ukubwa wake, hivyo mtu akisema "hii ina sauti" hujui anasifu kipi.

Nikaanza na ile ya taa. Mama mdogo alisikiliza kidogo, akatugeukia, akauliza jambo kwa Kiiraqw. Mwalimu Safari alicheka mpaka akavua miwani.

"Amesema nini?" Deo akauliza.

"Anauliza tangu lini dada yake alikamua mbwa," nikamtafsiria.

Nikahamia kwenye boksi jeusi. Mara hii mama mdogo hakuuliza kitu. Mama alipofika pale ng'ombe anapopiga magoti kwa njaa, mdogo wake alilitamka lile neno pamoja naye, kwa wakati mmoja, pumzi ikipita shavuni. Nilisikia vinywa viwili. Nilishindwa kutofautisha kipi kilikuwa cha mashine.

"Huyu ndiye," akasema, sasa kwa Kiswahili ili na mgeni apate. "Yule wa kwanza mmemtia meno ya bandia."

"Bibi," Deo akaanza kwa upole, "wakati mwingine masikio, umri ukienda..."

"Baba, masikio yangu yanasikia kitunguu kikiota. Wewe huumwi masikio. Hujui tu ng'ombe."

Hata Deo alicheka. Namheshimu kwa hilo, na kwa hilo tu.

Mwalimu Safari alinisindikiza mpaka getini. "Barua nitaibadilisha," akasema. "Lakini uliyeandika ile makala ya sifa ni wewe. Kairekebishe kulekule ulikoandika, watu waone. Sitaki kamati ionekane inayumbishwa na kelele zako."

Kelele zangu!

Tangu hapo nimekaa nikitafuta mlango wa nyuma. Ningeweza kuandika kwamba spika zetu ni nzito na ile ya taa haipatani nazo, na kwamba kwa spika nyingine huenda ingetenda haki. Ni kweli tupu. Lakini sikukosea kwa sababu ya spika. Niliandika "ukali" kana kwamba mwanamke anazaliwa na miiba kooni na kazi ya mashine ni kumchambua. Wale waimbaji walikuwa na herufi zao, pumzi zao, pengine na ng'ombe wao. Zilipomezwa na mashine, nikasema ahsante, nikaita ulaini. Mama za wenzangu niliwatendea alichotenda Deo kwa mama yangu, ila mimi sikuwa na mama mdogo pembeni wa kuuliza kuhusu mbwa.

Makala ile siifuti. Ibaki inichape kila atakapoisoma mtu. Juu yake, kuanzia leo, kuna mistari hii: Nilikosea. Nilisifu ulaini wa sauti za lugha nisizozijua. Kabla hujaisifu amplifaya, ipe sauti ya mtu unayemjua, anayesema jambo unalolijua, kisha muulize mdogo wake.

Mwalimu hufungua ofisi saa tatu. Nitakuwa mlangoni kabla yake, aisome, na barua itoke. Mama ana ng'ombe wa kukamua.