Mama, Kibiriti Nilimficha Mimi

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila hiyo salamu. Nimeshajaribu barua hii mara tatu. Mara ya kwanza nilianza na habari za mahindi, nikaona ujinga. Mara ya pili niliinuka kwenda kuangalia friji ya mteja ambaye wala hana haraka nayo. Sasa nimekaa kwenye kile kiti chako cha barazani chenye mguu mfupi, na kila nikimaliza mstari kinaniyumbisha.

Niseme upesi kabla sijainuka tena. Kibiriti hayupo. Halafu kuna mtu aliitwa mwizi kwa sababu yangu. Sikumsingizia kwa mdomo wangu, nilinyamaza tu mpaka wengine wakamsingizia. Wewe ungesema ni kitu kilekile, na usingeinua hata macho kwenye mchele unaochagua.

Unakumbuka ulivyompata? Daktari alikuambia sukari haitashuka kwa vidonge peke yake, lazima utembee. Ukatembea siku mbili, ya tatu ukasema barabara ya Mjimwema haina kipya cha kuangalia. Ndipo nikakuwekea kwenye simu lile gemu la kukamata mazimwi, ambalo mtu asipotembea hapati kitu. Unapita na simu mkononi, kamera inakuonyesha mtaa uleule unaoujua, ila juu ya ukuta wa jirani kamekaa kadude ka ajabu. Unakatupia wavu, kanakuwa kako. Nilidhani utacheza wiki moja uchoke. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa rozari kila jioni!

Ukamkuta Kibiriti siku ya kliniki. Ulikuwa kwenye foleni, ukamwona kwenye kioo cha simu amekaa juu ya meza ya daktari: mjusi mwekundu kama tofali la kuchoma, tumbo la njano, macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Ukimgusa kidevuni anatema moto. Jina lake kwenye gemu lilikuwa refu na la kigeni. Ulilijaribu mara moja ukasema, "Hili halipiti kwenye meno yangu, ataitwa Kibiriti." Na daktari alipokuita ukamwambia, "Subiri kidogo baba, usisogee." Daktari akasimama kweli, hajui anasubiri nini.

Tangu siku hiyo hukukamatika. Lizaboni, Bombambili, mpaka njia ya Matogoro kwenye ule upepo wa mwezi wa sita, wewe na sweta mbili, na nyuma yako Skola na chupa ya maji. Ulimchukua Skola akusaidie kufua na kupika magoti yalipoanza kukusumbua, na mwisho akawa anakukata mpaka kucha. Mlikuwa mnagombana njia nzima. Yeye, "Turudi Mwalimu, mvua hiyo." Wewe, "Amebakiza kidogo huyu, tufike kwenye kona." Kwa sababu mjusi yule alitaka hatua kila siku. Asipotembezwa moto wake unafifia, na zikipita siku saba anarudi porini, humpati tena. Akiwa na njaa simu ilitoa ule mlio wa njiti inayowashwa, chwaa, na wewe unaacha hata chakula mezani.

Nakulaumu kidogo, Mama. Nisamehe, lakini nakulaumu. Ulipolazwa uliniita karibu, mkono mmoja una dripu, wa pili ukanikabidhi simu. Ukasema, "Baba, mtembeze huyu, mimi leo sina miguu." Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi ukaondoka. Hukuniambia nimtembeze mpaka lini.

Basi nikamtembeza. Watu wamejaa uani, wanaimba, wanapika, wanaume wameketi kuzunguka moto, na mimi mtoto wako wa pekee natoka, naingia, nazunguka nyuma ya choo, nashuka mpaka barabarani, narudi. Wakasema Menradi amechanganyikiwa, hatulii. Mzee mmoja wa jumuiya alinishika bega akaniketisha, akanipa kikombe cha uji, nikakinywa nimesimama. Kweli nilikuwa nimechanganyikiwa. Lakini pia nilikuwa natafuta hatua za mjusi, na hilo sikuweza kumwambia mtu.

Ikafika arobaini. Unajua desturi yetu, wewe ndiye uliyenifundisha alipokufa Babu: mkeka unatandikwa uani baada ya misa, vitu vyote vya marehemu vinawekwa pale, hata kijiko chake, hata kandambili iliyokatika kamba. Kinainuliwa kimoja kimoja, kinatajwa, na mwenye kukichukua anatajwa mbele ya wote. Hakifichwi kitu. Mama mdogo Imelda alikuja na gari la asubuhi kutoka Mpitimbi, akasimamia kila kitu yeye, na kama mdogo wako ndiye aliyeanza kuchukua. Vitenge vyako vilikwenda, sufuria zikaenda, miwani yako akapewa yule mama wa kwaya asiyeona vizuri, ingawa sidhani kama inamfaa. Kisha Mama mdogo akauliza, "Simu ya dada iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwangu, Mama. Ilikuwa imenilalia pajani, ina joto.

Nikasema, "Sijaiona tangu hospitali."

Sikupanga. Nilijua Mama mdogo anaitaka apate ya kupigia watoto wake, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuipeleka kwa fundi isafishwe, kwa sababu hapendi kurithi mambo ya watu ndani ya simu. Nikaona Kibiriti anafutwa. Nikaona zile safari zako zote za Lizaboni na Matogoro zinafutwa kama ubao. Uongo ukatoka wenyewe. Nami nilidhani ni uongo mdogo, kwamba simu hupotea hospitali kila siku na hakuna atakayeumia.

Lakini hospitali uliuguzwa na nani? Watu hawakuhitaji kuambiwa. Niliona nyuso zinageuka moja moja kuelekea jikoni, alikokuwa Skola anaosha masufuria ya shughuli yako. Mama mdogo alitikisa kichwa, akainua kitu kingine, akaendelea. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo, nikaangalia miguu yangu.

Wiki zikapita, mimi natembea. Nafungua karakana saa mbili, natengeneza friji moja, nafunga, nazunguka Majengo, narudi. Kibiriti moto wake umerudi, anatema mpaka kioo kinakuwa chekundu. Nilijiambia nafanya ulichoniagiza. Usingizi mbaya, chakula sikimalizi, nikikaa kanisani nachezesha goti mpaka jirani ananiangalia.

Halafu Skola akaja karakana. Hakukaa. Alikuwa ameahidiwa kazi Msamala, kwa yule mwalimu mwenzako mstaafu ambaye mama yake amepooza. Walikuwa wameshakubaliana mpaka siku ya kuanza. Akaenda na mfuko wake wa nguo, akaambiwa getini kwamba nafasi imejazwa. Msichana wa ndani ndiye aliyemnong'oneza: wamesikia kuna simu ya marehemu.

Akaniuliza, "Kaka Menradi, wewe siku ya mkeka ulisema nini?"

Na Mama, kabla sijajibu, simu ikalia mfukoni mwa ovaroli yangu. Chwaa.

Skola amekaa na mlio ule miaka miwili. Amepika nao, amekuogesha nao. Aliangalia mfuko wangu, akaniangalia mimi. Nilitamani anitukane. Nilitamani achukue spana pale chini anipige nayo. Alifunga tu mfuko wake wa nguo uliokuwa umeachia zipu, akatoka, akaenda zake kwa mwendo wake uleule wa kawaida.

Ungedhani nilimkimbilia. Sikumkimbilia. Nilikaa na jambo hilo siku tatu zaidi, na hizo siku tatu ndizo zinazonitia aibu kuliko hata uongo wenyewe.

Jumapili nilimpigia Mama mdogo nikamwomba aje, nikamwomba na Skola aje, na jumuiya ilikuwa inasali hapa kwetu siku hiyo. Baada ya sala nikasimama. Nikasema simu hii hapa, haikuibwa, niliificha mimi. Wakauliza kwa nini. Nikawaeleza. Sijui kama umewahi kusimama mbele ya watu wazima ishirini, una miaka thelathini na minne, una ndevu, ukawaeleza kwamba umeficha mali ya marehemu kwa ajili ya mjusi wa kwenye gemu. Mtu mmoja akaguna. Mama mdogo alinyoosha mkono akasema, "Lete."

Hapa nataka unisikilize vizuri. Kuna njia ya kumhamisha zimwi kutoka simu moja kwenda nyingine. Unaziweka simu mbili pamoja, unabonyeza, unasubiri, basi. Wiki zote zile sikuitumia, nilitaka abaki ndani ya simu yako, lakini sasa simu yangu nilikuwa nayo. Nilikwisha kufungua mdomo nimwambie Mama mdogo, naomba dakika tano tu. Nikamwona Skola. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono magotini, ananitazama aone nitaomba nini. Nikafunga mdomo. Nikampa Mama mdogo simu pamoja na chaja.

Ilisafishwa kesho yake sokoni. Aliniambia mwenyewe, kwa upole, kwamba sasa inafanya kazi vizuri na betri inakaa. Nikamshukuru. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, Mama, nikalia kuliko siku ya mazishi. Nilimlilia mjusi, na nilikulilia wewe, na sikuweza kutofautisha.

Skola hakunisamehe siku ile. Nilimwomba msamaha pale pale, akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Msamaha wako umesikika hapa ndani. Mimi jina langu limechafuliwa huko nje. Nyumba zote zilizosikia, tuzipitie. Wewe utasema, mimi nitasimama."

Ndiyo tunachofanya. Wiki ya pili sasa. Jioni nikifunga karakana tunakwenda, yeye mbele, mimi nyuma. Nabisha hodi, tunakaribishwa, nakataa kukaa, nasema. Skola hakuiba simu ya mama yangu, niliificha mimi. Halafu wanauliza kwa nini, na lazima nianze tena habari ya Kibiriti. Nyumba moja Bombambili walicheka mpaka baba mwenye nyumba akapaliwa na chai. Kwingine mama mmoja alinifokea nusu saa nzima, akanifokea na kwa niaba yako. Bibi mmoja alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akauliza, "Na huyo mjusi alikuwa anakula nini?" Nikamwambia hatua. Akasema, "Masikini," na sikujua anamwonea huruma nani. Skola alitabasamu tulipotoka pale, kidogo tu, akaziba mdomo.

Imebaki nyumba moja, ya Msamala. Tumeiacha mwisho kwa sababu mimi nimekuwa nikiizungushia visingizio: mara mvua, mara mteja. Leo visingizio vimekwisha. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kuvaa viatu.

Kuna jambo sijalisema katika nyumba hata moja. Skola analijua na hajawahi kulitaja, hata siku ile ya jumuiya ambapo angeweza kunimaliza nalo. Alhamisi ile asubuhi ulianza kuhema vibaya. Mimi sikuwa wodini. Nilikuwa nje ya geti la hospitali, naenda na kurudi pembeni mwa barabara, kichwa nimeinamisha kwenye simu, kwa sababu Kibiriti alibakiza hatua chache. Niliporudi nilikuta Skola ameshakufumba macho. Alikuwa bado ameshika mkono wako. Ulikufa mkononi mwa mtu ambaye siku arobaini baadaye nilimwacha aitwe mwizi.

Nilishikilia simu ile kwa sababu kama Kibiriti angeendelea kuwa hai, basi ile asubuhi nilikuwa na kazi ya maana huko nje. Sasa hayupo, na nilikuwa nje tu.

Skola amefika. Namwona getini, hataki kuingia, ananisubiri nimalize. Mama, nakuahidi: pale Msamala nitasema yote, simu na mjusi na Alhamisi, mbele ya mwenye nyumba na mama yake kitandani. Nitawaambia wakimpata huyu wa kumwuguza mzee wao wamepata mtu asiyetoka chumbani. Hata wakikataa kumpa kazi, hilo watakuwa wamelisikia kutoka kwangu.

Kwaheri, Mama. Asante kwa kuniita baba. Navaa viatu.

Mwanao,
Menradi