Korongo Ambaye Sikumwona

4 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka.

Machipuko yameanza na ndege wahamiaji wanarudi hapa hifadhini kwa makundi. Jumanne niliwaongoza wageni kumi na wanne hadi kibanda cha kutazamia ndege. Ukungu ulikuwa mzito. Saa mbili nzima hatukuona kitu ila bata. Wageni wakaanza kutazama saa zao. Ghafla kitu cheusi kikainuka nyuma ya matete, nikajikuta nimesema, "Korongo mweusi!" Wakashangilia. Mkuu wangu akamwandika kwenye daftari: wa kwanza baada ya miaka tisa. Sasa watu wanakuja kutoka mbali na darubini zao.

Shangazi, nadhani alikuwa mnandi tu, yule ndege mweusi mvuvi tunayemwona hapa kila siku. Nifanyeje?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama, lakini nainama.

Leo asubuhi nilifungua bustanini mtego wangu wa taa wa kunasia nondo, vipepeo wangu wa usiku. Thelathini na mmoja, wamelala ndani ya trei za mayai kama wanafunzi kwenye somo la baada ya chakula. Nikawaandika, nikawaachia vichakani. Mmoja sikumtambua, nikaandika "sijui". Neno hilo nilijifunza kwa shida. Nilipokuwa mwalimu nilibandika nondo kwenye ukuta wa maabara kwa jina lisilo lake. Nilipogundua, nikanyamaza miaka kumi na moja, watoto wakinakili. Hakuna aliyeumia. Ila ukuta ule sikuweza kuutazama.

Waambie. Aibu ya siku moja haiui mtu.

Shangazi yako

30 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Wiki tatu kimya, hata salamu? Labda nilikukalia kooni. Ualimu nimestaafu, ukali wake bado. Hata kama hukusema lolote, wewe ni mtoto wa kaka yangu na kitanda chako kipo. Andika basi, japo mstari mmoja.

Shangazi yako

3 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Sikukasirika. Siku nane nilikwenda mpaka mlango wa ofisi nikageuka. Siku ya tisa wakaja mume na mke wazee, wamesafiri siku mbili, mama yuko kwenye kiti cha magurudumu. Akaniuliza, "Alitua wapi, binti?" Nikashindwa kunyoosha kidole. "Mama, sikumwona," nikasema. Yeye alicheka hadi akakohoa. Mumewe hakuniaga.

Nikaenda kumweleza mkuu. Hakupiga kelele. Alinipa kalamu, nikamkata korongo daftarini mwenyewe, nikatia sahihi. Kisha akasema, "Mwezi huu huongozi wageni. Shika nyundo." Basi natengeneza njia ya mbao kule kwenye matete. Wenzangu wananiita Korongo. Inauma, lakini usingizi umerudi. Jana mnandi alikaa hatua tano kutoka nilipokuwa, akianika mabawa. Nikaweka nyundo chini. Macho yake ni ya kijani, shangazi! Miaka minne kazini sikuwahi kujua.

Jumamosi nina mapumziko. Tafadhali usifungue mtego kabla sijafika.

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Panda basi la kwanza. Nitausogeza mtego kivulini nondo wasipate joto, na sitaufungua, ingawa mikono itaniwasha. Ukipanda la pili, usinilaumu.

Shangazi yako