Doa la Bibo Kwenye Zulia la Mama

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimepata kazi! Mwalimu Zabroni, mkuu wa shule kule Lukuledi, amepiga simu mwenyewe: niripoti Jumatatu ijayo kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Miaka miwili niko hapa Newala, ukweni, nasubiri simu hii. Mume wangu Godwin yuko kazini Mtwara. Kasema sawa, ila nimuage Mama, mkwe wangu, vizuri.

Nikakimbia kumwambia Mama. Kwa furaha nikatua beseni la mabibo sebuleni — juu ya zulia! Lile alilonunua marehemu baba mkwe. Na beseni lina ufa.

Mama akatazama maji ya mabibo yanavyovuja, akanitazama mimi. Akasema nitakwenda, kwa nini nisiende, ila nisimwachie doa.

Nimekulia Nanganga, kwenye mikorosho na mabibo yake. Doa la bibo halitoki. Najua, na yeye anajua.

Jumatano, 6 Novemba

Siki na maji baridi. Nagandamiza kwa kitambaa, sisugui. Doa limebaki rangi ya chai. Mama kasema sasa zulia zima linanuka siki, lifuliwe. Lifuliwe! Na bomba linatoa maji mara mbili kwa wiki! Ndoo tisa kichwani. Zulia likilowa halinyanyuki. Mgongo sina tena.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimelianika kivulini, mgongo wake juu, rangi isichujuke. Mama kaona nyuzi za pembeni zimefumuka. Nimezishona kwa sindano ya magunia ya korosho. Vidole vimevimba.

Kesho ataona nini?

Jumamosi, 9 Novemba

Jirani yetu Veridiana kaja. Mimi niko jikoni, nasikia kila kitu. Kamuuliza Mama hilo zulia lina tatizo gani wiki nzima. Mama kasema halina tatizo. Ni yeye tu hajui atakula na nani. Godwin kila mwezi anasema anakuja.

Nilikasirika, nikataka kuvunja chungu. Halafu nikalia. Halafu nikakasirika tena. Si angeniambia tu! Ingawa angeniambia ningejibu nini, sijui.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani. Begi tayari. Zulia tumelitandika, nimelizungusha mpaka doa likaingia chini ya kochi. Mama kachinja kuku. Sikuweza kula.

Jumatatu, 11 Novemba

Saa moja asubuhi. Nikapiga goti, shikamoo Mama, naondoka. Marahaba mwanangu, safari njema. Akanifungulia na mlango mwenyewe. Nikamwonea huruma, nikajiona mbaya kwa yote niliyomwazia.

Halafu akaona kona ya zulia imejikunja, hii ya karibu na mlango. Ndoo zangu tisa hizo. Mtu atajikwaa, akasema, na magoti yake yalivyo. Kaweka kitambaa kibichi juu yake, kaniomba niikalie kidogo ilale, yeye akatafute tofali.

Nimeikalia. Begi liko mapajani, naandikia juu yake. Sketi imeshalowa. Matofali yamejaa pale uani, nayaona kutoka hapa. Mama amekaa juu ya mojawapo, kanipa mgongo.

Gari la abiria ninalolisubiri linapiga honi barabarani. Mara ya pili sasa. Ni kusimama tu, Loveness. Simama.

Mara ya tatu.