Godoro la Mwende Halitoki

Alhamisi. Baridi ya mwezi wa saba imekaza, mawingu yamelala juu ya vilima vya Machakos tangu asubuhi, na mimi nimekasirika. Nimevaa sweta mbili na bado nimekasirika.

Nilirudi kutoka darasani nikakuta godoro la Mwende limekunjwa, limefungwa kamba ya katani na kusimamishwa mlangoni, ndoo yake kando. Hosteli nzima inajua maana yake. Mtu akifungiwa godoro, anaenda nyumbani, na wengi hawarudi.

Wiki mbili zilizopita Mwende aliniambia hataki kuishi tena. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi. Niliogopa sana. Sikujua la kusema, nikamshika mkono tukaenda hospitali ya hapa mjini. Daktari alimpa dawa, akataka kumwona kila wiki, na akatuonya asiachwe peke yake. Sisi watatu tunaolala naye chumba kimoja tukapanga zamu. Sasa anakula kidogo. Jana alichana nywele.

Halafu ofisi ya wanafunzi ikapata habari, ikaamua arudi kwao Katangi mpaka apone. Matroni akaagiza vitu vyake vifungwe kabla mama yake hajafika. Wenzangu wawili wakatii, tena kwa upole, wakamkunjia hadi soksi. Hapa chuoni tunamfukuza mtu na kudhani tumemhurumia.

Mwende mwenyewe alikuwa amelala kitandani kwangu, uso ameuelekeza ukutani. Aliniambia neno moja tu: "Ndunge, usiwaache wanipeleke."

Basi.

Nikafungua kamba, nikatandaza godoro pale pale mlangoni, nikalikalia. Matroni alikuja akaniambia hosteli si hospitali. Nikamjibu kwamba hospitali iko hapa mjini, na ndiyo sababu Mwende haendi Katangi.

Mama Mwende alipofika na blanketi na mfuko wa pojo, nilijua nimeshindwa. Mama mzazi akisema twende, mimi ni nani?

Alimsikiliza matroni mpaka mwisho, bila kumkatiza. Akamtazama binti yake pale kitandani. Kisha akauliza, polepole:

"Madam, mimi niko na ng'ombe na shamba ya pojo. Nikitoka asubuhi, narudi jioni. Huko nyumbani huyu atakaa na nani?"

Matroni akasema hayo ni maagizo kutoka juu.

Mama akavua viatu. "Sogea, mwiitu wakwa," akaniambia, kama vile mimi pia ni binti yake, akaketi kando yangu juu ya godoro. Nililia mbele ya watu wote wa korido, na sioni haya kuandika hivyo.

Tulikaa hivyo mpaka matroni akachoka kusimama. Aliondoka akiniambia kesho asubuhi niende ofisini nikajieleze, na kwamba huenda hata mimi nikapoteza chumba.

Ndipo Mwende akageuka. "Rudisheni godoro yangu kwa kitanda," akasema. "Hii ya Ndunge iko na kunguni."

Ni uongo. Sina kunguni hata mmoja. Lakini ni mara ya kwanza amenitania tangu haya yaanze, na nimemsamehe papo hapo.

Sijui kama atapona upesi. Kuna siku mbaya zinakuja, daktari alituambia hivyo. Nataka tu zimkute mahali ambapo kuna mtu.

Kesho nitaenda ofisini, na Mama Mwende amesema tutaingia pamoja. Wakiamua godoro langu nalo lifungwe, itabidi waje na kamba yao. Hii ya katani nimeifunga dirishani, tumeanika nguo za Mwende.