Kazi Iliyogoma Kwenye Sitini na Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko masomoni, na zikikuta yale mafua yako ya siku zote yamekuacha, nitafurahi zaidi. Sisi hapa hatujambo. Goti la baba linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimuuliza atakwambia ngazi ndizo zimezeeka.

Sasa nikupe habari za kompyuta yako, maana najua ndizo unazozisubiri. Ile programu uliyoiweka, ya kuwaazima watafiti wa dawa nguvu za mashine ikiwa imekaa bure, baba anaitumikia kama mwajiriwa. Anaiwasha saa moja asubuhi, anaizima akienda kulala. Tangu watu waache kutengenezesha saa, meza yake ya ufundi ilibaki na vumbi tu. Kompyuta kaiweka hapohapo, na anasema amepata kazi tena.

Basi kazi moja ya hesabu iliyotumwa na watafiti ikagoma. Ilifika asilimia sitini na mbili; mchana inapanda hadi sabini na kitu, jioni inarudi palepale. Majibu yalitakiwa Ijumaa. Yakichelewa, kazi hiyo wanapewa wengine na jasho la baba linakwenda bure. Wewe kwenye simu ulimshauri aifute achukue nyingine. Weee! Alikujibu kwa upole, lakini simu ilipokatika alifoka kwamba fundi hatupi saa ya mtu kabla ya kuifungua.

Ungemwona, kaka, ungejivunia. Alifungua mfuniko, akapangusa feni kwa kile kibrashi chake cha saa. Akaizima programu, akaiwasha upya. Akasoma ushauri wa watu wa mradi neno kwa neno, kamusi pembeni, mpaka akagundua kwamba kazi ile ni nzito, huhifadhi ilipofikia kila baada ya saa kumi mfululizo. Ikikatizwa kabla ya hapo, inarudi nyuma. Kumbe kuna kitu kilikuwa kinaikatiza! Mimi nikasema ni umeme. Hakubisha. Alichukua saa ya umeme, ile ambayo umeme ukikatika hata kidogo inarudi sifuri, akaichomeka pembeni ya kompyuta, akafungua daftari la kuandika kila kinachotokea na saa yake. Siku tatu kazi ilirudi nyuma, saa haikurudi sifuri; basi si umeme. Na huyu ni mtu ambaye shule aliiona miaka michache tu. Mimi na cheti changu nisingewaza hilo.

Jumatano usiku hakuizima, ikafanya kazi hadi asubuhi. Alhamisi nilipotoka kazini, kule duka la miwani, nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, na kiti cha pili kimewekwa. Kazi ilikuwa imefika asilimia tisini na nane. Nikaketi.

Kaka, nisikufiche. Aliyekuwa anaikatiza ni mimi. Kila nikirudi kutoka kazini, baba akienda kuoga, nachomoa waya wa kompyuta, nauchomeka tena, inajiwasha yenyewe, kisha najitia hamnazo. Wala haikuwa bahati mbaya. Niliionea wivu mashine. Tangu uondoke, baba ananijibu salamu macho yakiwa kwenye asilimia. Hata jirani anajua habari za kompyuta yako zaidi kuliko zangu. Nilitaka ife.

Pale kwenye kiti nikamwambia yote, machozi yananitoka. Hakushtuka. Alinionyesha daftari: siku ya tatu, saa kumi na robo, ameandika kwamba binti yake karudi, na papo hapo kazi imerudi nyuma. Alikuwa anajua! Akaniambia saa iliyosimamishwa kwa mkono haina ubovu, wa kuangaliwa ni mwenye mkono. Kisha akaipa mashine mgongo, akaniuliza siku yangu ilikwendaje. Nilizungumza mpaka giza likaingia. Tulipokumbuka kuitazama, ilishamaliza na kutuma majibu yenyewe.

Baba anakusalimu, na jirani wa mlango wa pili pia. Mimi nina ombi moja tu. Kila Jumapili ukipiga simu, neno lako la kwanza huwa ni kazi imefika asilimia ngapi. Jumapili hii, kaka, niulize mimi kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Kibiriti