Shati Lako Limefunga Mizabibu

Baba,

Naanza na kosa langu, maana unanijua, nikizunguka sana sitalisema. Komiti ya kanisa ilipouliza nani anakubali mizabibu ing'olewe pajengwe ukumbi, mimi binti yako niliinua mkono wa kwanza. Wengine walikuwa wananingoja mimi. Nilipoinua, wote wakainua.

Nilikuwa nimechoka, Baba. Siku nzima nilikuwa mpakani Malaba nahangaika na makaratasi ya malori, nikajiambia, wewe uliyeitunza umeshaenda, nani atapalilia? Divai ya misa siku hizi inakuja kwa katoni. Na zabibu zenyewe, nisamehe, ni kali hata ndege hawazimalizi, tangu yule padri wa zamani aipande mizabibu kabla hujazaliwa.

Kesho yake nilipita kuiaga mizabibu. Unakumbuka ulivyokataa waya ya kuifungia? "Waya inakata mti shingo, leteni matambara." Basi nikawa naangalia vifundo vyako. Nikaona kitambaa cha kijani. Yunifomu yangu ya darasa la tatu, Baba! Mbele yake leso ya Mama, ile ya kwenda soko la Khunyangu. Kuna majoho ya kwaya ya zamani, kuna leso za akina mama wa Busibwabo ambao wengi tumeshawazika. Tambara moja mti umelimeza, imebaki ncha tu. Nilikaa chini nikalia, sitakudanganya.

Ukumbi tunaweza kuujenga hata upande ule wa choo. Lakini tukipanda mzabibu leo, hautakuwa umeshikwa na watu hawa.

Nikarudi kwa komiti nikasema nilikosea. Mwenyekiti akanicheka: "Dada, juzi ukumbi, leo zabibu." Mwishowe wameniachia mistari miwili, na sharti juu. Nikikosa kuitunza msimu mmoja, wanang'oa.

Jumamosi nilikuja kupogoa. Nimekata vibaya, ungenigombeza. Na kufunga je? Nguo zangu zote ni za nailoni, zinateleza. Pamba nilikuwa nayo moja tu, shati lako la kahawia. Siku ya kugawa nguo zako shangazi alilalamika mwanamke anataka shati la mwanaume la nini, nikalikumbatia nikaenda nalo. Sijawahi kulifua. Lilikuwa bado na harufu yako ya ugoro na sabuni ya kipande.

Nililishika muda mrefu, Baba. Halafu nikachana mkono wa kushoto. Umefunga miti saba.

Sitaki kukuchosha. Pumzika, msalimie Mama, mwambie leso yake bado inashika. Umebaki mkono wa kulia, mgongo na kola. Kila msimu nitakuja, nitachana kidogo kidogo, na kola nitaifunga mwisho, kwenye ule mzabibu wa mlangoni ambao wewe ulikuwa ukiuegemea ukinisubiri nitoke shule.

Bintiyo,
Nafula