Mutoto wa Masika mu depo ya kahawa

Butembo, siku ya mardi, 2000

Bila mimi, chef wa depo, kahawa yote ya Butembo ingeozea mu magunia. Mais patron wetu ana roho mubaya! Leo amekataza bamama benye kuchagula kahawa kuingia na batoto. Masika, mutoto wa dada yangu, akamuuliza: "Patron, nimuache mutoto wangu wapi? Kwetu Mususa masasi ya bunduki inalia!"

"Ile hapana shida yangu. Kazi ao mutoto, chagula!"

Mujinga! Angebaachia kona moja tu na mutu wa kulinda batoto, kazi ingeenda mbio.

Nilimukamata patron mu shati, akatetemeka...

Hapana. Ni uongo. Nilijificha nyuma ya magunia mpaka jioni, Masika akichagula kahawa, mutoto wake mugongoni kwangu, nimemufunga na kikwembe cha mama yake. Na mutoto akanikojolea.